Kikombe Nilichomwonjea Mama Daichi

Sapporo, Japani

Kwa mume wangu, Baba Aika, Mwika.

Baba Aika, hujambo? Goti je, limekuachia angalau uende kanisani bila fimbo? Na Malkia anatoa maziwa, au anakususia kwa sababu si mimi ninayemkamua? Mwambie ng'ombe wangu kwamba mama yake yuko Japani, anakula vizuri, anatembea juu ya barafu, na atarudi. Mimi ni mzima wa afya, tena nimenenepa, utaniona mwenyewe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikianza habari unanikatiza, na hii ya leo nataka uisome mpaka mwisho ukiwa umekaa. Anakuletea dada mmoja wa Kibosho anayesoma na Aika, anarudi nyumbani likizo. Usimwache aondoke bila mkungu wa ndizi.

Najua unachosubiri. Unasubiri nikueleze huyu kijana anayetaka kumwoa mwanetu. Mpaka pale uwanja wa ndege uliendelea kurudia maneno yaleyale: "Mama Aika, nenda ukaone, ukale, ukafurahi. Lakini usinywe pombe ya watu wale. Ukishika kata yao ya kunywea umeshamtoa mtoto, na mimi sijasema ndiyo." Nikakuitikia. Basi ngoja nianzie mwanzo, na usiruke kurasa.

Nilipofika, Aika alinipokea na koti nene kama godoro. Pembeni yake amesimama kijana mrefu, mwembamba, masikio mekundu kwa baridi. Ndiye Daichi. Akainama mpaka nikadhani amedondosha kitu, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Marahaba, mama!"

Jamani! Nilicheka mpaka wasafiri wakageuka. Aika akajifunika uso. "Daichi, wewe ndiye wa kusema shikamoo! Marahaba ni ya mama!" Maskini akainama upya, "Shikamoo, mama," nami nikaitikia kwa moyo wote. Ulisema mtu asiyejua shikamoo haingii kwenye migomba ya kihamba chako. Anaijua, Baba Aika. Alikosea mlango tu.

Sasa theluji. Mama yake Daichi alikuwa anatusubiri kwenye gari, mwanamke mfupi, mchangamfu, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Akaniuliza kupitia kwa Aika kama sitaogopa theluji. Mimi? Nikamwambia, "Mama, mimi nimezaliwa naitazama. Nikifungua dirisha la jikoni asubuhi, ile pale. Ninyi mnaisubiri mwaka mzima, sisi tunakaa nayo." Akashangaa sana, nami nikashuka garini kwa maringo, kitenge juu ya suruali mbili, na hatua ya kwanza tu, chini! Chali! Miguu juu! Kumbe ile yetu iko mbali huko kileleni Kibo, haijawahi kumwangusha mtu wa Mwika. Mama Daichi alinivuta mkono ili aniinue, akaanguka naye juu yangu. Tulilala pale tunacheka kama wasichana wa kipaimara. Tangu hapo tunatembea tumeshikana mikono.

Walinipeleka mjini kwenye sikukuu yao ya theluji. Nikikuambia utasema Mama Aika ameanza. Kuna bustani ndefu katikati ya mji, na humo watu wanajenga kwa theluji tupu nyumba ndefu kuliko kanisa letu na mnara wake, zenye nguzo, madirisha, mpaka vigae vya paa vimechongwa kimoja kimoja. Hakuna saruji wala msumari. Mtaa mwingine wanachonga barafu inayong'aa kama glasi, na ndani yake wamegandisha samaki wazima na kaa, wanakutazama macho wazi. Nikamuuliza Daichi, "Na hivi vyote baadaye?" Akasema, "Vinabomolewa, mama. Mwakani tunajenga tena." Nikafikiri, watu wanaofanya kazi nzuri hivyo kwa kitu wanachojua kitayeyuka, watakuwa na subira hata kwenye ndoa.

Chakula ndiyo usiniulize. Kuna tambi kwenye supu nzito, juu yake punje za mahindi na kipande cha siagi kinachoyeyuka chenyewe. Supu kila mtu anaivuta kwa kelele na hakuna anayekemewa, wewe ungefurahi. Kuna kondoo wanayemchoma mezani kwenye chuma kilichotuna kama kofia, mafuta yanashuka pembeni yanaiva na kabichi. Nikawaambia ni nzuri, lakini siku wakila ndafu, mbuzi wetu mzima wa harusi, majani mdomoni, hiki chuma watakisahau. Ndiyo, nilisema harusi. Maneno yalinitoka.

Nyumbani kwao ni nje ya mji, na hapa nisikilize vizuri, maana hili linakuhusu. Ni wafugaji. Aika alikutana na Daichi hapo, alipotumwa na chuo kujifunza mambo ya maziwa. Ng'ombe wao ni weusi na weupe, wakubwa kama gari, na kipindi hiki hawatoki bandani kabisa, wanaletewa majani makavu wakiwa ndani kama Malkia. Nikawaambia, basi ninyi ni Wachagga! Baba yake Daichi haongei sana, lakini alinionyesha kila ng'ombe kwa jina, na mmoja aliyekuwa anaumwa kwato alimpapasa shingo kama unavyofanya wewe ukidhani hatukuoni. Mwanao naye! Kavaa mabuti, kashika pampu, yule mzee wa watu anamuuliza yeye kwanza kabla ya kufanya jambo. Huyo ndiye mtoto niliyembeba mgongoni nikikata majani.

Mama Daichi aliniuliza nani alimpa binti yangu jina la Kijapani, maana huku nako kuna kina Aika. Nikamwambia, hilo ni la Mwika. Kwa lugha yetu ni asante, na tulimwita hivyo kwa sababu tulimngoja sana. Akashika kifua chake.

Basi, mezani. Tumekaa sote, na babu yake Daichi, mzee sana, amekaa mwisho. Mama Daichi akanimiminia kinywaji cha moto, kizito, cha mchele. Baba Aika, hakileweshi, niliuliza mara mbili, hata watoto wanakunywa. Ni kama mbege yetu ya ndizi siku haijachacha. Huku mtu hajimiminii mwenyewe, kwa hiyo Aika akaninong'oneza, "Mama, na wewe mmiminie." Nikachukua jagi, nikajaza kikombe cha yule mama. Halafu mkono ukafanya ulichozoea. Nikakionja mimi kwanza, kama tunavyomwonjea mgeni yeyote, kisha nikampa kwa mikono miwili.

Vijiti vya meza nzima vikasimama hewani.

"Mama! Umefanya nini?" Aika kanitolea macho.

"Si nimemwonjea? Nikimpa tu hivihivi, atajuaje nimeweka nini?"

Aika akamweleza Daichi, Daichi akawaeleza wao. Babu akaweka vijiti vyake chini, akauliza jambo. Daichi akageuka kwangu, anajikwaa kwenye Kiswahili chake: "Babu anauliza, kwenu kuonja ni kusema nini?"

Nikajibu, "Ni kusema sitakupa kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekunywa."

Walipomtafsiria, yule mzee akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema hata kwao, familia zinazounganishwa na ndoa hunywa kikombe kimoja. Mama Daichi akanywa. Kisha akakijaza tena kilekile, akakionja yeye, akaninyooshea kwa mikono miwili, macho yamemjaa machozi.

Hapo nikakumbuka maneno yako. Kikombe cha kwanza kilikuwa mazoea ya mkono, hata mchungaji angenisamehe. Hiki cha pili nilikijua ni nini. Ningeweza kusema nimeshiba. Nikamtazama Aika. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kama siku ile anasubiri matokeo ya mtihani. Babu, aliyejua hujasema ndiyo, akauliza, "Baba wa binti ana hasira na sisi?" Nikamwambia, "Hana hasira. Ana upendo mwingi na hajui auweke wapi mtoto akiwa mbali."

Nikanywa, Baba Aika. Nikanywa mpaka nikaona chini ya kikombe.

Usikasirike kabla hujamaliza. Najua si shikamoo inayokusumbua. Unaogopa atapotea huku, uzeeke unamtazama kwenye simu. Mimi pia niliogopa, ndiyo maana nilikuja. Lakini nimeona anavyokaa na watu hawa, na nimeona hawamchukulii kama mgeni. Wanataka kuja Mwika masika yakiisha, wote, hata babu, kukuomba kwako kwa mdomo wao. Mimi nimekunywa kwa upande wangu. Ndiyo yako bado ni yako, hakuna aliyeichukua. Ila ukiona vyema, mwambie dada yako aanze kutafuta ulezi mzuri wa kimea cha mbege, maana wa dukani siku hizi hauoti.

Mpe mama yako shikamoo yangu, mwambie blanketi alilonipa limenifaa kuliko koti la Kijapani. Msalimie wifi yangu anayekupikia, na asikudekeze. Kaka yangu wa Holili, yule wa mahindi, mwambie huku mahindi yanaliwa na siagi. Na wamama wa kwaya waambie sauti ya pili yao imekanyaga theluji yenyewe, si ya kuitazama dirishani.

Limebaki moja. Nimekunywa bila ruhusa yako, na nyumbani ningekata jani la isale pale kwenye uzio nikuletee, maana isale likishapokelewa, ugomvi umekwisha. Huku isale hakuna, kila jani limezikwa. Nilipomweleza Mama Daichi, alivaa mabuti, akatoka, akarudi na kijitawi cha msonobari, akasema huo haunyauki hata kwenye theluji. Nimekikunja ndani ya karatasi hii. Bila shaka ulipofungua bahasha kilikudondokea, ukakiokota kabla hujaanza kusoma. Basi umeshakipokea, Baba Aika, na mila ni yako, si yangu.

Mkeo uliyemtuma kutazama, akanywa,

Mama Aika