Fundi wa Dirishani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla jukwaa la mafundi halijashushwa. Mwenye nyumba anakarabati jengo letu sisi wapangaji tukiwa humo humo, chai tunainywa na vumbi la saruji, na nje ya dirisha letu la jikoni, ghorofa ya tatu, kuna fundi wa plasta, mtu mzima mwenye kipara, ambaye siku moja mimi na mke wangu tukigombana nani kaacha bomba wazi, aliingiza kichwa, mwiko mkononi, akasema, "Shemeji, mzee hapo ana hoja, ila kelele zake zimezidi." Mke wangu akacheka! Tangu hapo kila shauri linapelekwa dirishani, la taulo mbichi kitandani, la dada yangu aliyekuja kwa wiki moja, mvua zimeisha na bado yupo, mke anavuta pazia, "Fundi, hebu sikia haya," naye anaweka karai chini, anasikiliza, anahukumu, mara nyingi nashindwa mimi, lakini hatujawahi kuelewana hivi tangu tuoane, hata kufokeana tumeacha kwa kumwonea haya. Sasa upande wetu umekwisha, wanahamia nyuma, nami kwa hofu nimekwangua plasta kwa msumari ili arudi kuziba, akaziba, nikakwangua tena, jana akanitazama, "Mzee, panya wenu ana msumari?" Nifanyeje?

Mume wa Ghorofa ya Tatu

Bwana Mume,

Pole kwa vumbi. Kwa mengine sikupi pole. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Mtu wa kuuchimba mwenyewe hawakumwota. Fundi akifukuzwa kwa kazi mbovu, atakula hizo hukumu anazowapa?

Huyo si kadhi. Anaweka karai chini, basi, anamwacha mtu amalize. Wewe mkeo hajafika katikati umeshamjibu. Na haya unayomwonea mpita dirishani, mkeo hastahili?

Leo hii nenda kwa msimamizi, sema plasta uliikwangua wewe. Kisha mwambie mkeo habari ya msumari kabla hajaipata dirishani. Atawaka. Funga pazia, kaa, msikilize hadi mwisho. Dada mpe nauli.

Fundi mkaribisheni chai siku ya mapumziko, aje na mkewe, apite mlangoni kama watu. Na usishangae mkewe akiweka kikombe chini na kukugeukia: "Shemeji, hebu sikia haya."