Chetezo Kimeitwa Mapema

Jumatano, Bawshar, hapa Maskati. Joto la leo ni la kulalamikia, na hata nguvu ya kulalamika sina. Kiyoyozi kinanguruma.

Naogopa. Bora niliseme hilo mwanzo, nisije nikajifanya shujaa huko chini.

Haya nayaandika leo, lakini sitayabandika hapa mpaka yawe si siri tena. Ukiyasoma, jua kwamba dunia nzima imeshajua. Mimi nimejua asubuhi hii, kabla ya redio na televisheni, kwa sababu ya mkaa na kipande cha udi.

Wanaonisoma siku nyingi wanaijua kazi yangu. Nawakirimu wageni katika nyumba moja ya serikali: kahawa, tende, halua, udi. Wiki hii wageni wetu ni wajumbe wa pande mbili za vita hivi vilivyoigawa dunia. Hawakai chumba kimoja. Huku wako hawa, kule wako wale, na watu wetu wanakwenda na kurudi baina yao wamebeba maneno. Vita vilipoanza vilikuwa mbali, tukivitazama jioni huku tunakula. Sasa vimefika kwenye mlango wa bahari wa Hormuz, na kila mtu anasema wakishindwana hapa Maskati, hakuna pengine pa kukutana.

Sisi wa kahawa tunaapa kwamba tutakaloliona ndani litabaki ndani. Niliapa bila ya tabu. Nilidhani sitaona kitu, maana milango hufungwa na mimi hubaki nje na birika langu.

Sasa, kwetu chetezo, kile chombo cha kufukizia udi, ndicho kinachomaliza kikao. Hakuna mwenyeji anayemwambia mgeni wake ondoka. Udi ukishapitishwa, mgeni anajifukiza nguo, anashukuru, anainuka, na hata mtoto mdogo hakai tena baada ya hapo. Kwa ratiba ya leo chetezo kilikuwa cha baada ya chakula cha mchana.

Mkaa wangu haujashika sawasawa, mkuu wa itifaki akaja mlangoni mwenyewe. Hakutuma mtu.

"Lete udi," akasema.

Nikamwambia bado mapema, chakula hakijapakuliwa hata.

"Lete, binti yangu."

Miaka yote niliyofanya naye kazi hajapata kuniita binti yake. Nikaupepea mkaa mpaka ukashika.

Nikapita na chetezo. Upande mmoja walikuwa wameshavaa makoti yao. Upande wa pili kuna bwana mmoja mnene aliyekuwa akinitania kila siku kwa ishara, akijipapasa tumbo kwamba halua yangu itamuua. Leo hakuinua uso. Watu wetu, chumba cha katikati, walikaa wanatazama zulia. Nikarudi jikoni nikakuta mpishi anafunika masufuria ya wali, nikajua mazungumzo yamevunjika.

Nimefika nyumbani, televisheni inasema mazungumzo yanaendelea katika hali nzuri. Mama anashukuru Mungu kwa sauti. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Mume wangu, Nassor, ni injinia wa meli ya mafuta. Meli yao imetia nanga nje ya Sohar, inasubiri kupita mlango wa Hormuz. Kwa taratibu za kazi yao, meli ikitaka kuingia eneo la vita kila baharia huulizwa kama anaridhia. Asiyeridhia huteremshwa, na hana lawama. Alasiri akanipigia.

"Kapteni ataka jibu kabla ya magharibi. Wenzangu washaridhia wote. Tunasikia khabari nzuri, wanapatana. Wewe wasemaje, niende nisiende?"

"Kataa."

"Kwa nini? Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu, Nassor. Kataa tu, nakuomba."

Ananijua huyu mtu. "Haya, bibie," akasema, na baada ya magharibi ukaja ujumbe wake: amekataa, kesho wanamteremsha.

Nilisujudu. Nilicheka peke yangu chumbani, machozi yananitoka, na nikajisifu kwamba kiapo changu sijakivunja, kwani nimesema nini? Sikumwambia neno la ndani. Nimemwambia kataa tu. Nilijiona mjanja kweli.

Nikatoka, nikala na mama, nikaweza hata kumtania juu ya mchuzi wake.

Halafu akapiga Zamzam. Huyu ni shoga yangu wa tangu skuli, anakaa Al Amerat, upande wa pili wa milima. Mumewe, Khalfan, ni injinia wa kampuni ile ile, yuko likizo nyumbani.

"Shoga, wajua kama Khalfan kaitwa? Anakwenda kushika nafasi ya Nassor. Boti yamchukua Sohar alfajiri, hapa nnamkunjia nguo. Yeye asema hakuna la kuogopa, watu wanapatana. Na wewe si uko humo humo ndani? Hebu nambie basi, wanapatana?"

Nyuma yake namsikia Khalfan anauliza iko wapi chaja yake.

"Sijui, shoga," nikasema. "Mimi mtu wa kahawa tu."

Akacheka. Akaniambia nimsalimie mama.

Tangu hapo sijatulia. Naogopa vita, ndiyo. Naogopa kwamba kesho mbingu ya huku itakuwa na sauti ambazo hatujazizoea. Naogopa kupoteza kazi, na kuulizwa na watu ambao si wa kupenda kuulizwa nao. Lakini ninachokiogopa zaidi ni lile "sijui" langu, lilivyotoka laini.

Kiapo kilikuwa chepesi nilipozungumza na mume wangu. Kwa mume wa mwenzangu kikawa chuma.

Na wale wengine waliomo melini, walioridhia wote? Hao hata nambari zao sina.

Nimejaribu kujiambia kwamba huenda nimekosea, huenda mgeni mmoja aliumwa na kichwa, huenda kesho wakarudi wakakaa tena. Sijiamini. Ningekuwa naamini hivyo, Nassor angekuwa melini bado.

Kiapo changu kimevunjika tangu alasiri. Nikinyamaza sasa sitakuwa nimekilinda, nitakuwa nimemuuza Khalfan tu.

Nimeiweka simu kwenye spika, kando ya kompyuta, mikono yangu haina kazi ila kuandika.

Inaita.

Pokea, Zamzam.