Kabla Sijapasuliwa Hapa Moshi

Hospitalini, Moshi
Jumapili, baada ya ibada

Mama Wakesho, mke wangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu zako zote, goti lako la kushoto likiwa limetulia, na binti yetu Wakesho akiwa amekwisha kujifungua salama. Kama amepata mtoto wa kiume au wa kike mimi sijui, kwa maana barua yako ya mwisho kunifikia iliandikwa kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa. Tangu wakati huo nimekuandikia mara tatu. Hii ya nne sikuitia posta. Ataichukua mama mmoja mchuuzi wa Tarakea, kule mpakani, ambaye ana ndugu upande wetu. Tafadhali keti kabla hujaendelea, na umwite Wakesho aketi karibu nawe.

Mimi ni mgonjwa. Sikulitaja jambo hili katika barua zilizotangulia kwa sababu niliamini ni malaria, na malaria si ugonjwa wa kumtia hofu mtu aliye mbali asiyeweza kufanya lolote. Nilikosea, na ninakuomba radhi. Keshokutwa, Jumanne asubuhi, nitapasuliwa tumbo.

Maumivu yalianza mvua zilipoanza, kule Old Moshi, ndani ya ghala la kanisa ninamofundisha watu wazima kusoma na kuandika. Yalianzia chini ya mbavu za kulia, na kila jioni homa ikafuata. Zahanati ilinipa klorokwini mara mbili, kisha ikawa haina tena. Niliendelea kufundisha nikiwa nimeegemea ukuta, na nilidhani hakuna aliyetambua. Lakini mke wa mwenyeji wangu, Mama Aikaruwa, huketi mbele kwa sababu ya macho yake.

"Mwalimu," alisema siku moja mbele ya darasa zima, "mbona leo unaandika chini kabisa ya ubao? Unawafundisha kuku?"

Watu wakacheka. Ukweli ni kwamba sikuweza kuinua mkono kupita bega. Nilimwamuru aendelee kusoma. Yeye akalifunga daftari lake.

"Sisomi. Suruali umeifunga kwa kamba. Mkanda umeupeleka wapi?"

Mkanda nilikuwa nao, ila ulikuwa umeishiwa matundu. Kesho yake sikuweza kuondoka kitandani. Mume wake, Elirehema, aliwaita wanafunzi watatu, wakanibeba pamoja na kitanda changu kunishusha barabarani. Mvua ilikuwa ya manyunyu na mlima ulikuwa umefichwa na mawingu kwa siku ya tisa mfululizo. Njia ile hufuata mfereji wa maji katikati ya migomba. Watu walitoka nyumbani mwao wakasimama kando, wanaume wakavua kofia, na hakuna aliyefungua kinywa. Wewe hujaishi hapa, lakini elewa kwamba watoto wa kijiji hiki hunipigia shikamoo hata nikiwa ng'ambo ya bonde. Siku ile hata wao walinyamaza.

"Mbona hawanisalimu?" nilimwuliza Elirehema.

"Mwalimu, kitanda kikishuka njia hii watu hawasalimu. Wanangoja kwanza kuona kama kitapanda."

Tulipofika hospitalini, karani wa mapokezi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliuliza jina langu, umri wangu, kisha akauliza kama mimi ni raia.

"Raia," akasema Elirehema. "Ni mtu wa Old Moshi, wa kwetu kabisa."

Karani alikuwa ameanza kuandika. Mimi nikasema, "Si kweli, mama. Mimi ni Mkenya, mtu wa Taita."

Kalamu ilisimama. Alinitazama juu ya miwani yake. "Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "ungenyamaza tu."

"Andika ilivyo," nikamwambia.

Akafuta, akaandika ilivyo. Nilipolazwa kwenye benchi, Elirehema aliniinamia. "Umesema kweli, Mwalimu. Sasa niambie, hiyo kweli yako tutailipia nini?"

Raia hutibiwa hapa bila malipo. Mgeni hulipa, na hulipa nusu kabla ya kupasuliwa. Akiba yetu iko posta huko nyumbani. Wewe huwezi kuileta nami siwezi kuifuata. Niliuza baiskeli, nikauza saa, nikauza redio. Fedha zilizopatikana hazikufika hata nusu ya hiyo nusu. Tangu siku ile nimejiuliza kama nilisema kweli kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya kiburi changu. Wewe umeishi nami miaka mingi. Nadhani jibu unalo.

Daktari ni mtu mpole. Aliniambia huenda ini limefanya usaha, na huenda kuna kitu kibaya zaidi, na kwamba hawatajua mpaka wamefungua. Alipokuwa akisema maneno hayo ya mwisho alitazama karatasi yake, hakunitazama mimi. Kisha akasema zinahitajika chupa mbili za damu kutoka kwa ndugu zangu.

"Una ndugu hapa, mzee?"

"Sina."

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa na kibarua wa shamba la miwa, mtu wa mbali kama mimi, mwenye ugonjwa kama wangu. Hakujua kusoma, hivyo nilimsomea barua za mke wake. Alhamisi walimpeleka kupasuliwa. Ijumaa walikuja kubadilisha shuka. Barua yake ya mwisho bado iko kwenye kabati langu, na hakuna aliyekuja kuiulizia.

Jioni ile ile ya Ijumaa wanafunzi wangu walikuja kunitazama, watu wazima kumi na wawili, wameleta ndizi na maziwa mpaka muuguzi akakosa pa kuviweka. Nilipotaja damu, wote waliinamisha vichwa. Nilikasirika. Niliwaambia kwamba sikuwadhania kuwa waoga.

"Si uoga," akasema Elirehema. "Damu ya mtu ni ya ukoo wake. Nikiitoa kwa mtu asiye wa kwetu, baba ataniuliza nimeimwaga wapi."

Baba yake alikwisha kufa zamani, lakini kwa watu wa hapa jambo hilo halimzuii kuuliza.

Walikwenda zao, nami nikaamini kwamba jambo limekwisha. Kumbe jana asubuhi walichinja mbuzi. Mchana Elirehema alirudi na mke wake na baba yake mdogo, mzee sana aliyetembelea fimbo mbili. Walikuwa wamelitaja jina langu mbele ya ukoo, na sehemu yangu ya nyama waliileta ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, pamoja na mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Yule mzee alitoa vipande viwili vya ngozi mbichi ya mbuzi, vyembamba kama kamba ya kiatu, vimetobolewa tundu katikati. Kimoja akamvisha Elirehema kidoleni. Kingine kilikuwa changu, alama ya kunifanya ndugu yake wa ukoo.

"Mimi ni Mkristo," nikasema.

"Na mimi ni Mlutheri, tena mzee wa kanisa," akajibu Elirehema. "Mbuzi huyu hana ugomvi na Mchungaji."

"Nyosha kidole, Mwalimu," akasema Mama Aikaruwa. "Nyama inapoa."

Mama Wakesho, nilinyosha kidole. Hawakunitaka nikane kitu chochote. Saa ile ile Elirehema alikwenda kutoa damu, na baada yake binamu yake aliyekuwa akingoja nje. Leo nimepata habari kwamba jana hiyo hiyo waliuza ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe huyo alikuwa wa Mama Aikaruwa. Malipo ya kwanza yamekamilika. Asubuhi, Mama Aikaruwa aliponiletea uji, nilijaribu kumshukuru, akanikatiza.

"Acha. Yule ng'ombe alikuwa na tabia yako. Akikwama kwenye tope, hataki kusukumwa."

Sasa sikiliza neno ambalo kwa ajili yake nimeandika barua hii. Leo, baada ya ibada, Elirehema alikuja peke yake. Haniiti tena Mwalimu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Kaka," akasema, "kwenu mtu akizikwa, kichwa kinaelekea wapi?"

Niliitazama ile ngozi ya mbuzi kidoleni mwangu.

"Nauliza kwa sababu sasa ni kazi yangu kujua."

Nikamwambia. Yeye akaniambia kwamba amekwisha kuchagua mahali ndani ya kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, chini ya mibuni, karibu na mfereji. Mpaka umefungwa, na maiti haivuki. Nilikubali. Najua tulipanga nilale Wundanyi karibu na mama yangu, na najua ilinipasa kukuuliza kwanza. Hapakuwa na njia ya kukuuliza.

Kisha akasema kwamba likitokea la kutokea, atakuja kwako mwenyewe, kwa miguu, kwa njia ya wachuuzi. Nilimkataza, kwa maana njia hiyo si halali na askari wa pande zote mbili hawana mzaha.

"Kaka mkubwa hukataza akiwa hai," akajibu, akavaa kofia yake, akaondoka.

Nisalimie mama mkwe wangu, na umwambie kwamba nimevaa fulana aliyoifuma. Nisalimie shemeji yangu Mwandawiro, seremala, na mchungaji wetu. Mpe Wakesho mkono wangu. Mtoto wake, awe wa kiume au wa kike, aambiwe kwamba babu yake alimtaja kwa sala bila kulijua jina lake.

Nikipona, nitakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini siku yoyote akibisha hodi mtu mrefu mwenye Kiswahili cha milimani, akakwambia anaitwa Elirehema, huyo ni shemeji yako. Usimwulize neno akiwa amesimama mlangoni. Mpe maji anawe, mpe chakula, mwache ale mpaka ashibe, kwa maana atakuwa ametembea mbali. Akisha kula, atakueleza.

Mumeo,
Baba Wakesho