Protéine ile mutoto wangu anakunja

Maman Godelive wa redio, jambo sana na pole na kazi. Hapa Cimpunda papa Apollinaire anakusalimia, koko, muzee wetu wa kisiwa ya Idjwi, anakusalimia hata kama goti inamusumbua, batoto Destin na Bintu banakusalimia, na Joviale, mutoto wangu wa kwanza, hajui kama naandika lakini angekusalimia pia.

Njo juu ya huyu Joviale naomba shauri. Anafanya kazi mu labo ya université, na tulipomuuliza ni kazi gani akasema anachunguza namna protéines zinajikunja, akachukua kitenge yangu akaikunja ikawa kilemba, akaikunja tena ikawa ya kubebea mutoto, akasema, "Unaona, mama? Kitenge ni ile ile, kazi yake inatoka mu mikunjo," na miye sikusoma mbali, nilisikia tu protéine nikajua ni ile ya maharagi na samaki banganga banatufundishaka kwa centre de santé juu ya batoto ba bwaki, bale banavimba juu ya kukosa chakula ya kujenga mwili, basi nikaambia bamaman bote ba parokia kama mutoto wangu anaponesha bwaki, na jumapili Séraphine akaleta mutoto wake miguu imevimba, akapiga magoti: "Joviale, utupatie protéine moja tu ile unakunja, tutaikunjua sisi benyewe nyumbani." Joviale akababeba mbio mpaka centre de santé, na aliporudi akalia.

Sasa amepata bourse, ile feza ya masomo, aende kufanya thèse Nairobi, na tonton Gérard, ndugu ya papa yake, amemutafutia kazi ya kugawia batoto uji kwa ONG moja ya musaada, anasema, "Protéine iko hapa Bukavu, unaifuata Nairobi juu ya nini?" Joviale ananiambia, "Mama, ukisema hapana sitaenda," na miye naogopa njia, naogopa ataenda kukunja vitu visivyoonekana na batoto ba hapa batabaki kuvimba, lakini naona vile macho yake inawaka akiongea hizo protéines. Niseme nini? Unijibu mbio mbio, Nairobi banangoja jibu wiki hii.

Maman Anne-Marie, Cimpunda

*

Maman Anne-Marie,

Salamu zimefika, koko apone goti. Sasa unisikilize. Uliahidi dawa ambayo Joviale hakusema hata siku moja kama iko nayo. Ni mapenzi, najua, mama akijivuna mudomo unamutangulia. Lakini mwenye mutoto wa bwaki akija kwako badala ya kwenda centre de santé, ni mutoto njo anaumia. Jumapili simama mbele ya bamaman uwaambie hivyo, na wacheke kama wanataka.

Maharagi yanatupa protéine, ndiyo. Mwili unaivunja, unatengeneza zake, na kila moja lazima ijikunje vizuri ndipo ifanye kazi. Hata mududu wa malaria iko na zake. Mwenye kujua mikunjo yake anaweza kuonyesha watengeneza dawa mahali pa kumushikia. Itachukua miaka, sikudanganyi. Lakini lazima mutu aanze, na sioni kwa nini asitoke Cimpunda.

Tonton Gérard, kama anapenda sana kazi ya uji, aiombe yeye. Ni kazi ya heshima.

Njia unaiogopa, una haki. Asafiri mchana, na watu munaowajua, apige simu akivuka mupaka kwa muto Ruzizi.

Mutoto mukubwa anayengoja neno lako amekuheshimu, maman. Usimufunge nalo. Barua yako nimeisoma kwa redio, jirani wote wamesikia. Zima redio sasa hivi, muite Joviale, umuambie "enda" kabla Séraphine hajafika mulangoni kumuambia.