Simu Niliyowekewa Mfumo na Kaka

Shoga uko? Usinipigie, nitalia mbele za watu. Soma tu.

Unakumbuka kaka alivyoiwekea simu yangu mfumo mpya, ati ule wa zamani umechoka? Tangu siku ile kuwaka tu ni dakika kumi, inaganda kwenye nembo. Nikimlalamikia, ananiambia, "Vumilia mdogo wangu, bado inazoea." Inazoea! Miezi mitatu!

Leo uvumilivu umenishinda, nimeipeleka kwa fundi wa simu. Kaichomeka kwenye kompyuta yake, akatazama ni kitu gani kinachoamka kwanza simu ikiwashwa.  Akaniuliza, "Dada, hii umeiweka wewe?"

Kuna programu imejificha, haina hata alama. Kila simu ikiwaka, kwanza inakusanya picha na meseji zangu, inamtumia mtu. Ndiyo maana inachelewa.

Picha zangu, shoga. Mishono yangu yote! Si unajua wifi alivyokuwa akinitangulia kushona kila mtindo kabla sijautoa? Na mimi mjinga nakwambia tunawaza mamoja. Tunawaza mamoja!

Lakini kaka sikumdhania. Nikasema labda huyo mke wake ndiye aliyeishika simu.

Fundi kaifuta. Simu ikawaka kwa nusu dakika. Hata sijaitia mkobani, kaka huyo anapiga. Kaka yangu wa tumbo moja. Nikapokea.

"Mdogo wangu, mbona huku kwangu simu yako inaonyesha imezimwa?"

Shoga, nilikuwa naongea naye kwenye simu hiyohiyo.