Barua kwa Wanablogu Arobaini na Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Riwaya yangu ina wiki sita tangu itoke na hakuna anayeijua. Leo nikasema liwalo na liwe. Saa ya chakula, hapa hapa mapokezi ya kliniki ya meno ninakofanya kazi, nimewaandikia wanablogu wa vitabu arobaini na wawili — barua moja, wote kwa mpigo. "Mpendwa mwanablogu." Kumbe kila mmoja anaona anwani za wenzake! Wa kwanza kajibu kwa wote: nitoeni humu. Wa pili kauliza kama nauza sufuria. Nilitamani ardhi ipasuke. Mgonjwa mmoja, shavu limemvimba, akanipa pole mimi.

Jumanne, 4 Machi
Mmoja tu kajibu kistaarabu. Wasomaji wake wanamwita Mama Kurasa. Kasema nisome kwanza masharti yake. Nimesoma. Yako matano: Niite kwa jina. Soma ninachoandika kabla hujaniomba. Niambie kwa nini kitabu hiki. Usiniulize makala inatoka lini. Usilete shangazi zako kumwaga sifa.
Nilikuwa nimeshamwandaa shangazi!

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbili nasoma makala zake, hadi ile ya gauni la marehemu mama yake. Nikamwandikia yeye peke yake, kwa adabu zote. Kwa nini kitabu hiki? Hapo nikafunguka: yule fundi wa riwayani aliyejishonea gauni la harusi, bwana harusi asitokee, ni dada yangu. Aliyenilea. Ninayeishi naye. Kajibu chapuchapu: nitumie. Nilivyopiga kelele, daktari katoka na koleo mkononi.

Jumapili, 9 Machi
Nangoja neno la Mama Kurasa. Nafungua simu, nafunga, nafungua. Dada alikuwa anapinda suruali ya mteja.
"We vipi? Unaikodolea simu kama unangoja posa."
Halafu swali lake la kila wiki: kitabu chake ataletewa lini? Nikasema nakala zimeisha. Uongo. Boksi zima liko chini ya kitanda changu. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Nimeshindwa. Nimeuliza lini.
Kajibu: sharti la nne umelivunja, nakusamehe. Kakipenda! Kakipenda sana! Makala inatoka Jumamosi saa sita mchana, na kisa cha dada ndicho kinachoibeba. Kisha mstari wa mwisho: "Dada yako amekisoma na ameridhia, sivyo? Bila ndiyo yake sitoi kitu."
Nimelitafuta sharti hilo kwenye ukurasa wake. Halipo. Labda alidhani halihitaji kuandikwa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeandika "Ameridhia." Nimefuta. Nimeandika tena. Neno moja tu! Dada mwenyewe hana habari na blogu. Lakini wateja wake wana simu. Mwaka ule wa harusi walikuja kumpa pole wamebeba vitambaa vya kushonewa, macho yanazunguka kutafuta gauni. Miaka kumi na tatu hajalitaja. Mimi nimelitaja kurasa mia mbili. Sitaki kumkosea dada. Na makala naitaka. Yote mawili ni kweli.
Nimefuta.

Jumamosi, 15 Machi
Saa tatu asubuhi. Nimempa. Yaani, nimekiweka kitabu juu ya cherehani nikakimbilia chumbani, kama mtoto aliyevunja sahani.
Saa nne. Cherehani bado inalia. Hajakigusa.
Saa nne na nusu. Cherehani imenyamaza.
Saa tano na robo. Mama Kurasa kaandika: nasubiri jibu. Sijajibu.
Saa sita kasorobo. Dada kaongea kutoka sebuleni, sauti haina hasira wala kicheko.
"Vifungo vilikuwa kumi na vinane. Umeandika kumi na viwili."
Nikamjibu kupitia mlangoni: ndiyo, dada.
Ukurasa umefunuliwa. Mwingine.
"Njoo huku. Na uje na kalamu."
Kalamu ya nini — ya kusahihisha au ya kufuta? Simu inalia tena kitandani. Dada kaita mara ya pili, sasa kwa jina langu lote. Na kalamu nzima humu ndani ni hii hii ninayoandikia