Chumba cha Moshi Si Jiko

Saskatoon, Kanada
Jumapili, baada ya misa

Kwako Kaka Wandera,

Nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitulea tusalimiane hata tukiwa na hasira. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto wanasoma? Yule ng'ombe mwenye baka alizaa salama? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na wewe ndiye uliyeitibua.

Hii ni wiki ya tatu umenifungia simu. Nikipiga inakata, nikituma ujumbe haufiki. Ndiyo nikashika kalamu, maana karatasi huwezi kuizima. Anayekuletea bahasha hii ni binti wa katekista wetu, anakuja nyumbani likizo, nami nimemwambia asinyanyuke sebuleni kwako mpaka aone umefika mwisho. Kwa hivyo mpe chai na usome.

Nianze na kosa langu, usije ukasema nimeficha. Ulipopata kazi ya kujenga maabara ya chuo kipya uliniomba ramani, nami niliichora kwa siku zangu za mapumziko, tena kwa furaha. Maneno yote niliyaandika kwa Kiswahili ili mafundi wako wasibabaike. Pale pa kabati la kemikali kali, lile lenye kioo mbele na feni ya kuvuta mvuke nje ili mtu asiuvute yeye, niliandika "chumba cha moshi." Sikupata jina zuri zaidi. Mafundi wako wakasoma, wakatazama bomba nililochora likipanda juu ya paa, wakajenga jiko. Jiko kamili la kuni, lenye mafiga ya matofali na dohani ya kutolea moshi. Uliponipigia kuniuliza sufuria zitakuwa za ukubwa gani, nilicheka mpaka machozi yakatoka. Nilikiri hapo hapo kwamba neno lilikuwa langu. Nikachora upya, nikakutumia, nikakuambia ubomoe jiko, uweke kabati, na bomba lake liende juu peke yake.

Ulinijibu, "Nabwire, mimi miaka yote hii ya kujenga sijawahi bomoa ukuta yangu. Watu wa Funyula wataniona aje?"

Kicheko changu kiliishia hapo. Hukubomoa. Jiko ukampa mkeo Nasirumbi awapikie wanafunzi chai na mandazi, halafu ukaliegemeza kabati upande wa pili wa ukuta ule ule, ukatoboa tundu, ukaingiza bomba la kabati ndani ya dohani ya jiko. Dohani moja, kuni upande huu, kemikali upande ule. Nilipoona picha nilidhani simu yangu ina kasoro. Nikakupigia. Unakumbuka ulivyosema?

"Sister, relax. Moshi ni moshi. Yote inaenda juu."

Moshi si moshi, Wandera. Wa kuni unakutoa machozi na yanaisha. Mvuke wa spiriti huuoni, na ukikutana na moto unawaka papo hapo, haungoji kufika juu. Nilikueleza hivyo mara mbili. Ukaniambia nimeleta maringo ya ng'ambo.

Halafu ikatokea. Ajiambo, kitinda mimba wetu, ambaye chuo kilimwajiri kuitunza maabara hiyo, alikuwa akipasha spiriti ndani ya kabati kwa ajili ya somo la saa nne. Upande wa pili Nasirumbi alikuwa ameinamia karai la mandazi. Ajiambo anasema alisikia kitu kama mtu amekung'uta blanketi zito, kisha kelele. Moto ulishuka kutoka kwenye dohani ukamlamba mkeo uso. Nyusi zikaisha, mkono ukajaa malengelenge. Wewe ukawatangazia watu kwamba ni mafuta ya mandazi yaliyoruka. Mafuta hayatoki kwenye dohani. Nasirumbi mwenyewe alimwambia Ajiambo, "Mimi niliona moto ikitoka huko juu. Lakini baba watoto amesema ni mafuta, so ni mafuta."

Hilo limenikasirisha kuliko yote. Umemfanya mwanamke aliyeungua ayakane macho yake ili ukuta wako usimame.

Na mimi je? Ulisimama mbele ya kamati ya chuo ukasema dada yako wa Kanada asiwatishe, kazi yake huko ni kuosha chupa. Ni kweli niliosha. Niliosha chupa za maabara miaka miwili, vidole vikipasuka kwa sabuni na baridi, na baridi ya huku sikuombei uijue. Kwa kuziosha nilijua kilichokuwa ndani yake. Leo natunza majengo matatu ya maabara za chuo kikuu, jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Kila asubuhi nakata ukanda wa karatasi ya choo, naushika kwenye mdomo wa kila kabati. Ukivutwa ndani, watu wanafanya kazi. Ukilegea, nafunga kabati na kuning'iniza kadi nyekundu. Mwezi uliopita nilimfungia profesa mmoja mzee mwenye sifa zake. Alinifokea mbele ya wanafunzi, akaniuliza kama najua yeye ni nani. Nikamwambia namjua sana, ndiyo maana sitaki kumzika. Mpaka leo hanisalimii, na kabati lake halikufunguliwa mpaka feni ilipobadilishwa. Sasa kama sikumwogopa huyo, ulifikiri nitakuogopa wewe?

Wiki iliyopita Ajiambo alinipigia akiwa amejificha stoo, ananong'ona.

"Dada, brother amesema nikikataa kuingia lab ataambia principal mimi ni mvivu, watafute mtu mwingine. Na nimeanza kazi juzi tu. Nifanye nini?"

Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema kila siku, kuanzia saa tano hivi, na akitoka nje kinapoa. Ana miaka ishirini na tatu, Wandera. Unamtisha kwa kazi yake ya kwanza ili aendelee kusimama mbele ya tundu ulilotoboa wewe, akivuta moshi na mvuke unaorudi ndani. Siku moja spiriti itakuwa nyingi kuliko siku ile, na hutapata mafuta ya kutosha ya kusingizia.

Basi nimefanya hivi, na nakuambia mwenyewe hata kama umeshasikia sokoni. Ijumaa nilimwandikia mkuu wa chuo kwa barua pepe. Ameshaisoma. Nimemweleza jinsi jiko lilivyotokea, kosa langu la jina na kosa lako la dohani, nikamtumia ramani zote mbili na picha ya lile tundu. Nimemwambia jina langu litoke kwenye jengo hilo mpaka jiko lianguke. Nimemwomba afunge maabara na azime moto siku hiyo hiyo, na Ajiambo asipoteze kazi. Amenijibu kwamba amefunga, ufunguo anao yeye, na Ajiambo atakaa ofisini kwa sasa. Nimeomba pia kazi ya kubomoa upewe wewe. Ukikataa, wataleta fundi kutoka Malaba, na hapo ndipo watu wa Funyula watakuja kutazama vizuri.

Utasema nimekuaibisha. Ndiyo, nimekuaibisha, na sikuombi msamaha. Nilianza na wewe kwa simu, peke yetu, ukanifungia.

Msalimie mama. Usimsomee barua hii kwa kuruka mistari, nitampigia mwenyewe. Msalimie mjomba wetu wa Busibwabo aliyekufundisha kushika mwiko, umuulize kama fundi akibomoa kosa lake anapungua. Msalimie Nasirumbi. Kwenye mfuko aliokuja nao binti wa katekista kuna dawa ya kupaka, umpake mkononi asubuhi na jioni, umpake wewe, na ukiwa unampaka umwambie kwamba siku ile aliona sawasawa. Ajiambo mwache. Usimwite pembeni, usimtumie mtu.

Neno moja limebaki, Kaka, na hili silisemi kwa hasira. Baba alipofariki wajomba walitaka niolewe, wewe ukasimama ukakataa. Uliponda mawe kule Sigalame mpaka nikamaliza shule, na mgongo huo unaokuuma uliuharibu kwa ajili yangu. Sijasahau. Lakini ulinisomesha ili nijue, na sasa najua. Usiniambie leo nijifanye sijui kwa sababu ukuta ni wako.

Mimi dada yako, na hasira haijaisha,

Nabwire